Picha zangu za wanyama hazitulii: je, ninunue lenzi kubwa zaidi?

"Habari za kazi, mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili nikipiga picha za wanyamapori. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, ile aina yenye kihisi (kipokea mwanga) kidogo, na lenzi ni zumu ya milimita 70 hadi 300. Picha zangu zinaniumiza roho. Kwenye kioo cha kamera zinapendeza, lakini nikizikuza kwenye kompyuta macho ya mnyama hayaonekani na manyoya yamekuwa kama uji. Nimefuata kila nilichoambiwa: ISO naiacha 100 ili kusiwe na chenga, vile vidoadoa vya picha, tundu naliweka f/8 kwa sababu hapo ndipo lenzi inakuwa kali, na napenda kupiga mchana maana mwanga upo wa kutosha. Wiki iliyopita nilikaa na kundi la swala karibu saa nzima, nikapiga picha zaidi ya 400, na sikupata hata moja ya kutundika ukutani. Rafiki yangu anasema tatizo ni lenzi: ninunue ya milimita 600, au nikishindwa nitafute kile kipande cha kurefusha lenzi mara mbili. Nimeambatanisha picha tatu: swala, mdiria na nyati. Kabla sijatoa fedha, nisaidie. Ni kweli lenzi ndiyo inayoniangusha?"

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya yote nakuomba fedha zako zikae kwanza. Mtu anayeweza kutulia na kundi la swala saa nzima ameshapita mtihani mgumu kuliko yote ya kazi hii. Yaliyobaki yanarekebishika, na mengi utayarekebisha kwa vifaa ulivyonavyo.

Ulifanya vizuri kutuma mafaili yenyewe badala ya kunielezea tu. Kila faili la picha hubeba kumbukumbu ya namna lilivyopigwa: spidi ya shata (muda ambao mlango wa mwanga unabaki wazi), tundu la lenzi, ISO, urefu wa lenzi na saa. Nilizifungua zote tatu, nikazikuza mpaka mwisho, nikaziangalia polepole. Ni kweli hakuna iliyotulia, lakini kila moja ina ugonjwa wake. Na katika magonjwa hayo matatu, lenzi ya milimita 600 haitibu hata mmoja.

Watu wengi wakiona picha isiyo kali husema "ina ukungu" na kuishia hapo. Ni kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza. Ukungu una sababu, na kila sababu huacha alama yake. Ukijifunza kuzisoma alama hizo hutahitaji kuniandikia tena kuhusu jambo hili.

Tuanze na mdiria. Kuza picha hiyo, kisha umwache ndege, uangalie matone ya maji yaliyoning'inia kwenye tawi. Kila tone limekuwa kijistari, na vijistari vyote vimelala upande mmoja, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Tawi lenyewe lina mstari mwingine hafifu pembeni yake. Kitu chochote kilichomo kwenye fremu kikivutika kuelekea upande mmoja, ujue kilichosogea ni kamera. Hapo ni mkono wako, au pumzi yako, au kidole kilivyobonyeza kwa nguvu.

Kumbukumbu ya faili inasema 1/60 ya sekunde, f/8, ISO 100, kwa milimita 300. Kihisi cha kamera yako ni kidogo, kwa hiyo milimita 300 zako zinaona eneo lilelile ambalo milimita 450 zingeona kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: ukishika kamera mkononi, spidi ya shata isipungue sekunde moja gawanya kwa urefu huo wa lenzi. Kwako ni 1/450, tuseme 1/500. Wewe ulipiga 1/60, shata ikabaki wazi mara nane zaidi ya inavyostahili. Kidhibiti mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi kinaweza kuusamehe mkono wako kwa kiasi, ila hakimsaidii ndege. Mdiria anageuza kichwa, anainamia maji, anatikisa mkia, na hayo yote hutokea haraka kuliko 1/60.

Sasa sikiliza mahali ulipopotoshwa. ISO 100 na f/8 ndivyo vilivyoizuia shata yako isiende kasi. Mwanga wa picha unagawanywa na mambo matatu: muda ambao shata iko wazi, ukubwa wa tundu, na jinsi kamera inavyoikuza ishara ya mwanga iliyoupata, ambayo ndiyo ISO. Ukibana viwili, cha tatu ndicho kinacholipa. Chukua mwanga uleule wa asubuhi ile. Fungua tundu kutoka f/8 hadi f/5.6 (namba ikipungua, tundu linakua), mwanga unakuwa maradufu, shata inafika 1/125. Pandisha ISO kutoka 100 hadi 800, umeongeza maradufu mara tatu, shata inafika 1/1000. Ndege yuleyule, tawi lilelile, dakika ileile, lenzi ileile. Ukienda hadi ISO 1600 unapata 1/2000, na hapo hata akiruka una nafasi ya kumpata.

Najua neno ISO 1600 limekushtua, kwa hiyo nikueleze chenga zinatoka wapi. Mwanga unafika kwenye kihisi kwa chembechembe, kama matone ya mvua yanavyoangukia paa. Mvua ikiwa kubwa, kila bati linalowa sawasawa. Ikiwa manyunyu, bati moja linapata matone manne na jirani yake linapata moja. Tofauti hiyo ndiyo unayoiona kama chenga. Chanzo chake kikubwa, basi, ni uchache wa mwanga uliofika, na ISO inaonyesha tu hali ilivyo. Anayepiga kwa ISO 100 picha ikawa giza, kisha akaing'arisha kwenye kompyuta, hukuta chenga zilezile, na kwenye kamera nyingi za zamani huwa mbaya zaidi. Halafu pima madhara yenyewe. Chenga zinapunguzwa vizuri sana na programu za siku hizi, hasa ukipiga kwa mfumo wa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Jicho lililovutika kwa sababu mnyama alisogea, hakuna programu inayoweza kulirudisha kwa uaminifu. Inachofanya ni kubuni jicho jipya.

Kuhusu f/8, aliyekuambia hakukosea kabisa. Zumu nyingi za aina yako huwa kali kidogo zaidi zikifinywa hatua moja, yaani tundu likipitisha nusu ya mwanga. Lakini tofauti hiyo ni ya kuitafuta kwa picha ya ukuta wa matofali, ilhali kichwa kinachogeuka kwa 1/60 kinaonekana na mtu yeyote aliye upande wa pili wa chumba. Kwa wanyama, fungua tundu, na ufinye pale tu mwanga unapokuwa mwingi.

Ukitaka vipimo vya kuanzia: mnyama aliyesimama, 1/500. Anayetembea au kula, 1/1000. Anayekimbia, 1/1600. Ndege anayeruka, 1/2000, na wale wadogo wenye mabawa ya haraka, 1/3200. Si namba za kukariri kama dua. Sababu yake ni hesabu rahisi. Ndege anayekwenda mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 2 shata ikiwa 1/500, na nusu sentimita ikiwa 1/2000. Nusu sentimita ikiwa mbali, jicho linasamehe. Sentimita mbili ni ncha nzima ya mdomo.

Njia ninayoitumia mimi mwenyewe siku nyingi ni kuweka kamera kwenye M, yaani hali ya kupanga mwenyewe, nikaiambia shata 1/1000 na tundu f/5.6, kisha ISO nikaiacha ijipange yenyewe na kuipa kikomo. Mwanga ukibadilika, mnyama akiingia kivulini, kamera inapandisha ISO na mimi nabaki kumtazama mnyama.

Swala sasa. Hii ndiyo picha iliyonivuta zaidi, kwa sababu vipimo vyake si vibaya hata kidogo. 1/400, f/8, ISO 100, saa saba mchana, jua kali. Mkono ungeweza kulaumiwa kidogo, lakini alama zinakataa. Tazama pembe. Zile pembe zilipaswa kuwa na pete safi kutoka chini hadi juu, ila kwenye picha zina mawimbi, kama unaziona kupitia maji yanayotiririka. Nyasi za nyuma zina mawimbi hayohayo. Hakuna kitu kilichovutika kuelekea upande mmoja. Rudi kwenye kadi yako uangalie fremu iliyotangulia na iliyofuata; nina hakika utakuta pembe imepinda kushoto kwenye moja na kulia kwenye nyingine.

Huo ni mvuke wa joto. Ardhi ikipigwa na jua inaipasha hewa iliyo juu yake. Hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka, zinachanganyika kwa mafungu mafungu. Mwanga unapopita kutoka hewa baridi kwenda hewa ya moto unapinda kidogo. Katika mita chache hutaona kitu. Katika mita 100, mwanga kutoka kwenye jicho la swala umepindishwa huku na kule mara nyingi kabla haujaufikia mlango wa lenzi. Hakuna fokasi ya kurekebisha hilo wala tripodi ya kulituliza. Na lenzi ndefu inayakuza mawimbi sawasawa na inavyomkuza mnyama. Nimewahi kusimama kando ya uwanda mkavu na lenzi ya milimita 600 ya kuazima, saa sita mchana, nikarudi na picha zaidi ya 200 za wanyama wanaofanana na sura zilizoko chini ya kisima. Ndiyo maana nasema rafiki yako, kwa nia njema, angekupeleka ukanunue mawimbi makubwa zaidi.

Tiba yake ni mbili tu: piga mapema kabla ardhi haijapata moto, au punguza umbali. Ukiwa ndani ya gari, zima kiyoyozi na ufungue kioo dakika kadhaa kabla, maana hewa ya ndani na ya nje zikikutana dirishani zinafanya mchezo uleule mbele ya pua ya lenzi.

Umbali una deni jingine. Kwa kamera na lenzi yako, ukiwa mita 100, fremu nzima inabeba upana wa karibu mita 8. Kichwa cha swala, tuseme sentimita 20, kinapata takribani pikseli 150 kati ya 6000 za upana wa picha. Ukikikata ili kijaze ukurasa, unataka pikseli 150 zibebe kope, pua, masikio na manyoya. Haziwezi, hata zingekuwa kali namna gani. Ukifika mita 50 zinakuwa 300 kwa upana na 300 kwa kimo, maana yake umepata maelezo mara nne. Mita 25, mara kumi na sita. Kupunguza umbali kwa nusu kunakupa kile ambacho lenzi ndefu maradufu ingekupa, na juu yake unapunguza hewa iliyo kati yenu.

Saa za mchana zina kosa jingine, nalo ni la uzuri. Unasema mwanga upo wa kutosha, na kwa wingi ni kweli. Tatizo ni unakotoka. Jua likiwa utosini, paji la uso linatupa kivuli juu ya macho, na tumbo linazama gizani huku mgongo ukiungua weupe. Jua likiwa chini, mwanga unaingia chini ya paji, unaligusa jicho, na ile nukta ndogo nyeupe inatokea ndani yake. Bila nukta hiyo mnyama anaonekana kama amekaushwa. Saa moja baada ya macheo na saa moja kabla ya machweo, mwanga umepita kwenye hewa nyingi zaidi, rangi ya bluu imetawanyika njiani, kilichobaki ni dhahabu. Siku ya mawingu usikate tamaa: wingu ni pazia kubwa linalolainisha vivuli, na kwa wanyama weusi sana au weupe sana, au wa ndani ya msitu, mimi nalipendelea kuliko jua.

Nyati wako, namshukuru kwa sababu ananipa nafasi ya kusema mambo mawili kwa mpigo. Picha hii ina sehemu kali kabisa, ila siyo nyati. Shuka chini ya fremu: kuna bua moja la nyasi mbele ya pua yake, na bua hilo linahesabika mishipa. Fokasi ilikamata nyasi. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe mahali pa kulenga, mara nyingi hukamata kilicho karibu na chenye ukali wa rangi. Weka nukta moja ya fokasi, uipeleke kwenye jicho, na uchague fokasi inayoendelea kufuata badala ya ile inayofunga mara moja. Kama kamera yako ina uwezo wa kutambua macho ya wanyama, uwashe, lakini usiuamini penye nyasi na matawi. Jicho ndilo mahali pa kulenga siku zote. Mkia ukiwa laini hakuna atakayelalamika. Kadiri unavyosogea, kosa dogo la fokasi linaonekana zaidi: kwa lenzi yako kwenye f/5.6, ukiwa mita 10 una kina cha kama sentimita 25 zilizo kali, na ukiwa mita 5 ni sentimita 6 tu. Ndege akikuelekea kwa umbali huo, mdomo unaweza kuwa kali na jicho likapotea.

Jambo la pili kwa nyati ni rangi. Amekuwa kijivu kilichochujuka, na anga limeungua. Kipima mwanga cha kamera hakijui kama kinatazama nyati au theluji. Kinadhani kila kitu duniani, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani, na kinamvuta kila mnyama kuelekea huko. Mweusi akijaza fremu, kamera inamng'arisha kupita kiasi, kwa hiyo punguza hatua moja kwenye kirekebishi cha mwanga. Yangeyange mweupe akijaza fremu, inamtia giza, ongeza. Lakini yangeyange huyohuyo akiwa mdogo mbele ya maji meusi, kamera inayafuata maji na kumuunguza ndege, hapo unapunguza. Kilichoungua kikawa cheupe kabisa hakirudi hata ndani ya RAW.

Na ulimpiga kutoka juu ya paa la gari, sivyo? Inaonekana, kwa sababu nyuma yake pote ni ardhi. Ukimtazama mnyama kutoka juu, mandhari ya nyuma ni udongo ulio hatua moja tu kutoka kwake, nao unatoka karibu kali kama yeye. Ukishusha lenzi ifike usawa wa macho yake, mandhari inakuwa kichaka kilicho mita 50 huko nyuma, nacho kinayeyuka chenyewe, hata kwa zumu ya kawaida. Wengi hununua lenzi za tundu kubwa wakitafuta mandhari laini ambayo wangeipata kwa kushuka nusu mita. Pigia dirishani, na uweke lenzi juu ya mfuko ulioshonwa na kujazwa mchanga au nafaka, ulalie ukingo wa mlango. Zima injini, na waombe wenzako wasitikisike. Mfuko huo, kwa kazi ya garini, nauthamini kuliko tripodi. Ila kwa nyati na wanyama wa namna yake, kushuka maana yake ni kushuka kutoka paani kuja dirishani. Usifungue mlango.

Turudi kwenye lenzi, maana sitaki uondoke ukidhani nimelikwepa swali. Kipande cha kurefusha mara mbili, kwa lenzi yako, sikushauri kabisa. Kinakula robo tatu ya mwanga, kwa hiyo f/5.6 yako inakuwa f/11, na shata uliyoipigania inarudi robo. Kamera nyingi zenye kioo cha ndani hushindwa kulenga zenyewe tundu likiwa dogo kuliko f/8. Na zumu nyingi za 70 hadi 300 hazikipokei hata kukifunga. Vipande hivyo vilitengenezwa kwa lenzi kubwa zenye mwanga wa ziada wa kugawa.

Lenzi ya milimita 600 ni chombo kizuri, na ipo siku inastahili. Ukijikuta unapiga ndege wadogo zaidi kuliko kitu kingine, au wanyama ambao sheria au usalama vinakukataza kuwasogelea, na picha zako za karibu tayari ni kali, basi lenzi ndefu itakufungulia mlango. Kabla ya hapo, azima au kodi kwa siku mbili. Utajifunza uzito wake begani, na jinsi ilivyo vigumu kumtafuta ndege ndani ya fremu nyembamba hivyo. Na kama umefunga kichujio cha bei rahisi mbele ya lenzi yako ya sasa, kivue leo. Kioo kibaya mbele ya kioo kizuri kinakupunguzia ukali, na zaidi kwenye lenzi ndefu.

Basi umbali unapunguzwaje bila kumkimbiza mnyama? Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Kila mnyama ana duara lisiloonekana. Ukiligusa, anakuambia. Anaacha kutafuna. Kichwa kinainuka, masikio yanakuelekea, mwili unageuka kidogo upande atakaokimbilia. Ukiona kichwa kimeinuka, simama palepale, tazama pembeni, usinyanyue kamera. Akirudi kula, ndipo usogee, na usimwendee moja kwa moja bali kwa mshazari, kama mtu mwenye shughuli zake. Akiinua kichwa mara ya pili mahali palepale, hapo ndipo mwisho wa siku ile. Anayekimbizwa anapoteza chakula, nguvu, na wakati mwingine mtoto aliyemwacha majanini. Kwenye kiota hali ni mbaya zaidi, kwa maana mzazi akikaa mbali kwa kukuogopa wewe, mayai yanapoa au yanachomwa na jua. Picha ya kiota iliyopatikana hivyo mimi siitaki mbele yangu.

Njia bora ni kumwacha yeye aje. Yule mdiria wako ana tawi lake. Chini yake utakuta madoa meupe ya kinyesi, na hayo ndiyo anwani yake. Fika kabla yake, jua likiwa mgongoni mwako, kaa chini ujisitiri, usitikisike. Zaidi ya miaka 100 iliyopita ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, waliingia ndani ya ng'ombe wa kukaushwa mwenye uwazi tumboni ili wawakaribie ndege. Kilichowafanikisha ni kwamba ndege wengi wanaogopa umbo la binadamu, hasa linalosogea, kuliko kitu kipya kilichotulia. Gari lililozimwa injini linafanya kazi hiyohiyo, na kitambaa cha rangi ya udongo kilichotandazwa kwenye fito nne pia.

Upepo usiusahau. Ndege wengi huruka wakiuelekea upepo, kwa hiyo ukivuma kutoka mgongoni mwako, wataruka wakija upande wako, na jua likiwa nyuma yako pia, nyuso zao zitakuwa kwenye mwanga. Kwa swala ni kinyume: huo upepo unampelekea harufu yako, na hutamwona tena. Kabla hujatoka, amua leo unamtafuta nani. Na mdiria, kama ndege wengine wengi, mara nyingi hutoa kinyesi sekunde chache kabla ya kuruka. Ukiona hivyo, bonyeza.

Nikuambie asubuhi moja. Nililala kifudifudi kwenye tope kando ya bwawa tangu giza, lenzi yangu ya milimita 300 ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, kimo cha kiganja kutoka majini. Kwa saa mbili na nusu hakuja mtu. Kisha kitwitwi mmoja akaanza kudonoa ukingoni, mita 30 hivi, akija taratibu. Sikumfuata hata kwa lenzi. Alifika karibu mpaka fokasi ikakataa kwa ukaribu, nikasikia mdomo wake ukichomoka topeni kwa mlio mdogo kama wa kizibo. Nilipiga picha 11. Moja kati ya hizo bado ipo ukutani kwangu, na ina chenga ukiitazama kwa karibu, maana ISO ilikuwa 1600. Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza kuhusu chenga.

Kuna jambo moja siwezi kulijua kutoka hapa, nalo ni afya ya lenzi yako. Lipime hivi: bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kamera kwenye tripodi, kidhibiti mtikisiko kimezimwa, mwanga mzuri, na upige kwa kipima muda ili kidole kisiiguse. Piga mara tano ukilenga kwa tundu la macho, kile kidirisha unachochungulia, kisha mara tano ukilenga kwa kioo cha nyuma. Za kioo zikitoka kali na za tundu la macho zikawa laini, mfumo wa fokasi wa kamera na lenzi haukubaliani, na baadhi ya kamera zina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu. Upande mmoja wa ukurasa ukiwa kali na mwingine laini, ilhali kamera imeuelekea ukuta sawasawa, vioo vya ndani vimehama, labda ilianguka. Ukimulika tochi ndani ukaona nyuzi kama za buibui, ni kuvu. Hayo mawili ya mwisho mpelekee fundi wa kamera aishike mkononi, usifungue mwenyewe. Na unapokwenda kwa wanyama wakubwa, nenda na mtu anayewajua wa eneo hilo. Atausoma mwili wa nyati mapema kuliko mimi na wewe.

Kama mdiria bado anarudi kwenye tawi lile, anza naye. Uwe pale kabla hajafika, 1/1000, f/5.6, nukta moja kwenye jicho, ISO ipande inapotaka. Ukipiga, usifute chochote ukiwa hukohuko. Nyumbani kuza, tafuta matone kwenye tawi, uone kama yamerudi kuwa duara, kisha nitumie faili hilo.